Newton hakuacha mtoto, Leonardo hakuacha mtoto. Vipaji vikubwa namna hii vinatufikiaje?

Mwalimu wa Temeke

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, nafundisha sekondari huku Temeke. Wiki iliyopita nilikuwa na kidato cha nne kwenye mada ya mageuko ya viumbe. Nimeshaeleza uteuzi asilia, nimeandika ubaoni kwamba sifa inayomsaidia kiumbe kuishi na kuzaa ndiyo inayoenea. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, umesema anayeendelea ni anayezaa. Mbona Newton hakuoa wala hakuzaa? Akili ile ilirithiwa na nani?"

Nikamwambia tutazungumza kipindi kijacho. Tangu siku hiyo kila jioni nasoma, kwa sababu swali lake ni zito kuliko lilivyosikika darasani.

Tazameni. Newton hakuacha mtoto. Leonardo da Vinci hakuacha. Beethoven, mtunzi wa muziki, hakuacha. Kuna Bach, mtunzi mwingine, aliyezaa watoto 20, kumi wakafika utu uzima, na kadhaa wakawa wanamuziki wakubwa, kwa hiyo sisemi ni kanuni. Lakini geukeni nyuma pia: baba yake Gauss, yule bingwa wa hisabati, alikuwa mtu wa vibarua na uashi. Baba yake Faraday, yule mwanasayansi wa umeme, alikuwa mhunzi. Baba yake Ramanujan, bingwa mwingine wa hisabati, alikuwa karani wa duka la nguo India. Kipaji hakikuonekana kwa aliyetangulia, na mara nyingi hakikuonekana kwa aliyefuata. Kimekuja kama radi.

Na ubongo wenyewe ni ghali. Una kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unakula kama asilimia 20 ya nishati tunapokuwa tumepumzika. Mnyama wa porini halei mzigo wa aina hiyo bila sababu. Ubongo wa kuwinda, kukumbuka njia na kujua nani ni rafiki, hilo linaeleweka. Ubongo wa kutunga simfonia unatafuta nini mbugani?

Swali hili liliwagawa hata waanzilishi. Alfred Russel Wallace, aliyeufikia uteuzi asilia kwa njia yake mwenyewe sambamba na Charles Darwin, mwaka 1869 aliandika kwamba uteuzi asilia hautoshi kueleza akili ya juu ya binadamu, na baadaye akataja vipaji vya muziki, sanaa na hisabati. Darwin alikuwa na wasiwasi hata kabla ya kuisoma makala hiyo. Alimwandikia kwamba anatumaini hajamuua kabisa mtoto wao wawili, yaani ile nadharia. Miaka miwili baadaye, 1871, akatoa jibu lake kwenye kitabu kuhusu asili ya binadamu.

Nitaliweka jibu hilo kesho. Mwenye mchango asisubiri.

Nyavu za Feri

Naweka kambi hapa. Mwalimu, tiririka.

Mja wa Mola

Mwalimu, kwa heshima zote, kipaji hutoa Mungu. Humpa amtakaye, ndiyo maana hakifuati baba wala mtoto. Mbona jibu liko wazi?

Mwalimu wa Temeke

Ndugu yangu Mja, nakuheshimu, na Wallace mwenyewe aliishia karibu na hapo ulipo: alisema kuna akili iliyo juu yetu iliyomwongoza binadamu. Sikatai imani yako, nami nina ya kwangu. Ila darasani nimeulizwa njia, yaani kitu hiki kimepita wapi hadi kikafika kwetu. Hata anayeamini mvua ni ya Mungu bado anaweza kuuliza mawingu yanatoka upande gani.

Basi, jibu la Darwin. Mliokulia kwenye minazi mnamjua mnana, yule ndege wa njano. Dume anasuka kiota kwa majani aliyoyachana mwenyewe, kisha ananing'inia chini yake akipigapiga mbawa na kupiga kelele. Jike anakuja, anaingia, anakagua, anavuta nyuzi kuona kama zimekaza. Asiporidhika anaondoka. Kiota kikikaa hadi majani yanakauka bila jike kukikubali, dume anakibomoa na kuanza upya. Nilikuwa nawatazama utotoni nikidhani wanacheza.

Darwin alisema kuna uteuzi wa aina hiyo: anayechaguliwa na mwenza ndiye anayezaa, hata kama kinachompendeza mwenza hakisaidii kuishi. Ndiyo asili ya mkia wa tausi, na yeye alidhani ndiyo asili ya muziki wetu. Mwaka 1975 Amotz Zahavi akaongeza kwamba gharama yenyewe ndiyo ushahidi: dhaifu hawezi kubeba mkia ule. Na mwaka 2000 Geoffrey Miller akaandika kitabu kizima akidai kwamba akili ya binadamu ya kutunga, kuchekesha, kuchora na kuimba ni mkia wetu wa tausi.

Nadharia hii ina mvuto. Inaeleza kwa nini sanaa ni ghali na kwa nini vijana wanahangaika nayo zaidi. Mwaka 2006 Daniel Nettle na Helen Clegg walichapisha utafiti wa watu 425 Uingereza, wakakuta washairi na wachoraji waliozama kwenye kazi yao wametaja wapenzi wengi zaidi kuliko wengine. Ila wapenzi si watoto. Newton bado amekaa palepale.

Binti wa Kilwa

Mwalimu, naomba nikuguse kidogo hapo kwa mnana. Huyo ni dume anasuka, jike anakagua. Ukiihamishia nadharia hiyo kwa binadamu, sisi wanawake tumegeuka wakaguzi tu wa viota.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtambaji wa hadithi. Akisema "Paukwa!" nyumba tatu zinaitika "Pakawa!" Alikuwa ameshapita umri wa kuzaa miaka mingi, na hakuna mume aliyekuwa anatafutwa pale. Na hadithi zake zilikuwa zinazidi kunoga kadiri anavyozeeka. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, alikuwa mwanamke mtu mzima wa karibu miaka 50, na sauti yake ndiyo iliyofungua njia ya taarab kwenye santuri. Nionyeshe mkia wa tausi uko wapi hapo.

Mimi naona kazi ya hadithi ya bibi ilikuwa kutukusanya. Watoto waliokuwa wamepigana mchana wanakaa mkeka mmoja.

Mwalimu wa Temeke

Dada, umenishika. Na umekaribia sana jambo lililochapishwa mwaka 2017. Watafiti walikwenda kwa Waagta, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa Ufilipino. Walikuta kwamba kambi zenye watambaji wengi wazuri zinashirikiana zaidi. Halafu walipowauliza watu wangependa kuishi kambi moja na nani, watambaji walitajwa sana, hata kupita wavuvi na wawindaji hodari. Na watambaji wenyewe walikuwa na watoto wengi zaidi walio hai. Hadithi zao nyingi zilihusu ushirikiano na usawa, kama mkeka wa bibi yako.

Polly Wiessner naye, mwaka 2014, alichapisha mazungumzo ya watu wa Ju/'hoansi wa Kalahari. Mchana watu wanazungumza mambo ya uchumi, malalamiko na nani kamkosea nani, hadithi ni asilimia 6 tu ya mazungumzo. Usiku kando ya moto hadithi zinapanda hadi asilimia 81. Nilipoisoma hiyo asilimia 81 nilikumbuka umeme unavyokatika mtaani, watu wanatoka barazani na simulizi zinaanza zenyewe.

Kwa hiyo nakubali: kupendwa na mwenza ni mlango mmoja, kupendwa na jamaa na majirani ni mlango mwingine, na huenda ndio mpana zaidi. Lakini hii inaeleza kipaji cha kawaida, kile ambacho kila mtaa unacho. Sijafika kwenye kile cha radi.

Muuguzi Usiku

Nichangie kutoka kazini kwangu. Kuna maelezo mengine ambayo hamjayagusa, nayo yananihusu, kwa sababu kaka yangu anatibiwa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aone visivyokuwepo, mwaka wa tisa sasa.

Hapa kwetu seli mundu tunaijua vizuri. Mtoto akirithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili anaugua. Akirithi kwa mmoja tu, haugui kama yule, na anapata kinga dhidi ya malaria kali. Anthony Allison aliionyesha mwaka 1954 kwa uchunguzi uliofanyika huku Afrika Mashariki. Ndiyo maana jeni inayoua haijapotea: inawalinda wengi inapokuwa nusu.

Sasa kuna wanaodhani ubunifu mkubwa una habari inayofanana na hiyo. Mwaka 2011 watafiti wa Uswidi walipitia kumbukumbu za wagonjwa wapatao 300,000 wa magonjwa makubwa ya akili pamoja na ndugu zao. Ndugu wazima wa wenye skizofrenia na wa wenye baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, walikutwa kwa wingi zaidi kwenye kazi za ubunifu kuliko watu wengine. Angalieni hapo: ndugu wazima. Wenyewe wenye skizofrenia, kwa ujumla, hawakuonekana kuwa na wingi huo. Kidogo cha kitu kinafungua akili, kikizidi kinaivunja.

Nawaomba jambo moja. Msiseme "wazimu na ubunifu ni ndugu" kwa wepesi. Kaka yangu alikuwa anachora vizuri sana kabla ya kuugua. Ugonjwa haukumpa kalamu, ulimnyang'anya. Anaposhika dawa vizuri ndipo anachora tena.

Mwalimu wa Temeke

Pole sana, Muuguzi, na hongera kwa kumshika mkono kaka yako miaka yote hiyo. Nimelisoma neno lako mara tatu na nitalifundisha hivyo hivyo, pamoja na onyo lako.

Fundi Gerezani

Mwalimu, mimi si msomi, nimeishia darasa la saba, nipo Gerezani nachomelea na kutengeneza mashine za kusaga na za kukamua. Nimefuatilia tangu mwanzo. Ninyi mnatafuta kipaji ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Mimi niwaambie ninachokiona.

Kijana akija kwangu anaanza saidia fundi. Mwaka wa kwanza namkataza kabisa kuleta mawazo yake. Nikigonga mara tatu, agonge mara tatu. Hajui kwa nini, agonge tu. Anayeuliza kwa nini kila dakika mara nyingi anaharibu chuma. Anayeiga sawasawa, baada ya miaka mitatu anaanza kuniambia "mzee, hii pembe tukiilaza hivi inakaza zaidi". Na ni kweli inakaza. Mashine ninayotengeneza leo hakuna mtu aliyeibuni. Fundi wangu alinipa, nikabadilisha shafti, jirani kaja kaiga shafti yangu kabadilisha puli, mimi nikaiga puli yake. Ukiuliza ya nani, huwezi kupata jibu.

Mwalimu wa Temeke

Fundi, shikamoo. Umesema wewe si msomi, lakini umeeleza kwa lugha nyepesi kitu ambacho kimewachukua wanasayansi miaka mingi.

Mwaka 2005 Victoria Horner na Andrew Whiten walichapisha jaribio la sanduku lenye zawadi ndani. Wakawaonyesha sokwe na watoto wadogo jinsi ya kulifungua, huku wakiongeza vitendo visivyo na maana, kama kugongagonga juu kwa kijiti. Sanduku lilipokuwa la kuonyesha ndani, sokwe waliona vile vitendo havina kazi, wakaviruka, wakaenda moja kwa moja kwenye zawadi. Watoto wa binadamu waligonga vilevile kama walivyoonyeshwa. Kwa siku ile sokwe ndiye aliyeonekana mwerevu. Lakini mtoto anayeiga hata asichokielewa anaweza kubeba maarifa yaliyomzidi, akayafikisha kwa mwingine bila kupungua. Sokwe anachukua anachokielewa tu, kwa hiyo kila kizazi chake kinaanza karibu na chini.

Nendeni Bonde la Olduvai mkaone upande wa pili wa jambo hili. Yale mashoka ya mkono ya mawe yalianza kutengenezwa Afrika Mashariki yapata miaka milioni 1.7 iliyopita, na kwa zaidi ya miaka milioni moja umbo lake halikubadilika sana. Milioni moja! Ubongo ulikuwa unakua, mikono ilikuwa na ustadi, na bado shoka ni lilelile. Kisha taratibu mambo yanaanza kuonekana: shanga za kome kwenye pango la Bizmoune, Moroko, zenye zaidi ya miaka 140,000, vipande vya udongo mwekundu vilivyochorwa mistari katika pango la Blombos, Afrika Kusini, vya miaka kama 75,000, michoro ya Sulawesi, Indonesia, iliyopita miaka 51,000.

Nini kilibadilika? Wapo waliodhani ni jeni fulani iliyowaka ghafla. Lakini mwaka 2009 Powell, Shennan na Thomas wa London walipiga hesabu wakaonyesha kwamba unaweza kueleza mengi ya hayo kwa idadi ya watu na mawasiliano tu. Watu wakiwa wachache na wametengana, fundi bora akifa kabla hajapata mwanafunzi, ujuzi unazikwa naye. Wakiwa wengi na wanatembeleana, daima yupo mmoja aliyeshika vizuri, na mmoja kati ya elfu anayeongeza kitu. Joseph Henrich anakiita ubongo wa pamoja. Mfano wake ni Tasmania: bahari ilipopanda zaidi ya miaka 10,000 iliyopita ikakikata kisiwa kutoka Australia, na anasema watu wa pale, wakiwa wachache na peke yao, walipoteza baadhi ya zana zao, zikiwemo zile za mifupa.

Mchimba Kale

Mwalimu, hapo kwa Tasmania ongeza tahadhari. Nimewahi kufanya kazi za uchimbaji wa mambo ya kale, na wapo wanaakiolojia wanaompinga Henrich waziwazi. Wanasema watu huacha zana kwa sababu hawazihitaji tena, hali ya hewa na chakula vikibadilika, si kwa sababu wamesahau. Watasmania waliwahi kuitwa duni ili wauawe na kunyang'anywa ardhi, kwa hiyo mfano huo una damu.

Ila wazo la watu kukutana silikatai. Na usiende mbali hadi Sulawesi ukaruka pwani yetu. Pango la Panga ya Saidi, pwani ya Kenya, amezikwa mtoto wa kama miaka mitatu, yapata miaka 78,000 iliyopita. Watafiti wenyewe walimpa jina la Kiswahili, Mtoto. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa, na kichwa kinaonekana kilikuwa kimewekewa kitu kama mto. Mimi nikizungumzia ubunifu wa binadamu naanzia pale, kwa mtu aliyefikiria kumwekea maiti mto.

Mwalimu wa Temeke

Asante, nimepokea yote mawili. Tasmania nitaitaja darasani pamoja na hao wanaopinga. Na Mtoto sitamwacha.

Mzee wa Msasani

Vijana, mnazungumza ubongo wa pamoja na kipaji cha radi wakati jibu lilikuwa linakaa mtaani kwetu.

Edward Said Tingatinga alitoka Tunduru, akafanya kazi za mkonge Tanga, akaja Dar. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya masonite, zile mbao nyembamba za kiwandani, maana ndivyo vilivyopatikana. Hakusomea. Akauza kwa wazungu wa Oysterbay. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi, polisi walimdhania mhalifu. Kama miaka minne tu ya kuchora.

Lakini alikuwa ameshakusanya jamaa zake na kuwafundisha. Wale wakafundisha wengine, mwaka 1990 wakawa na ushirika wao, na leo hakuna mgeni anayetoka Dar bila kuona chui au ndege wa mtindo ule. Sasa mwalimu, niambie: kipaji kile kilikuwa cha jeni au cha watu?

Mwalimu wa Temeke

Mzee, shikamoo. Nimechukua siku mbili kukujibu.

Naona vyote, kwa namna hii. David Lykken, mtafiti wa mapacha wa Marekani, mwaka 1992 aliandika kwamba kuna sifa zinazotokana na mpangilio wa jeni nyingi kwa pamoja, na si na jumla yake. Fikirieni karata. Baba ana karata zake, mama ana zake, hakuna mwenye mkono wa ajabu, yaani karata zilizopangana kipekee. Zinachangwa, mtoto anapewa nusu huku na nusu huku, na siku moja moja mkono unaotoka ni wa ajabu. Mtoto huyo naye akizaa, karata zinachangwa upya na mkono unavunjika. Kwa hiyo Newton kutozaa hakukufuta chochote. Karata zake zilikuwa, na bado zimo, kwa mamilioni ya watu, moja huku, mbili kule. Uteuzi asilia haukumtengeneza Newton. Ulizitunza karata kwa sababu kila moja ilikuwa na kazi yake ya kawaida: kukumbuka, kuvumilia upweke, kudaka sauti, kumfurahisha jirani kwa hadithi.

Ndiyo maana sikubaliani na Francis Galton, aliyehesabu mwaka 1869 koo za watu mashuhuri wa Uingereza akadai ukubwa wao uko kwenye damu. Alihesabu watoto wa majaji na akasahau kwamba mtoto wa jaji anakua kwenye nyumba yenye vitabu na majina ya kumfungulia milango. Wazo lake hilo likazaa ukatili mwingi baadaye.

Na mkono wa ajabu peke yake haufanyi kitu. Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi, akawa mwanafunzi wa fundi wa kujalidi vitabu London, na akavisoma vilivyoletwa kujalidiwa. Tingatinga alikuta rangi, ubao, mnunuzi na jamaa wa kufundisha. Mkono uleule ungetoka miaka 500,000 iliyopita pale Olduvai, ungechonga shoka zuri kidogo kuliko la jirani, basi.

Leo nimemsomea yule binti uzi huu baada ya vipindi. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwalimu, kama karata zinachangwa kila mtoto anapozaliwa, basi mkono wa ajabu umeshatoka mara nyingi hapahapa Temeke. Hao wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Ameniambia anapenda vitu vya umeme na mashine, nyumbani anafungua redio mbovu za majirani. Fundi Gerezani, Jumamosi saa nne asubuhi unakuwepo? Nimeshazungumza na mama yake.

Fundi Gerezani

Nipo. Aje amevaa viatu vya kufunika.